Ngumi Kifuani

"Huyu mwenzio, mbona anakuita?"

Nahodha aliuliza hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye simu yangu. Tulikuwa tumekaa chini ya mkungu pale Utende, Mafia, Jumapili asubuhi, kila mtu na kikombe chake cha chai ya tangawizi, sahani ya mihogo ya kukaanga katikati yetu. Maji yalikuwa yametoka, mashua zimelala ubavu mchangani. Nilikuwa nimempa simu aone video ya pweza niliyoichukua jana yake huko Kinasi. Nilitegemea aseme pweza mkubwa, au aniulize kamera shilingi ngapi, kama wanavyouliza wengine wote.

Yeye pweza hakumtazama. Pweza amewaona tangu hajaota ndevu.

Kidole chake, chenye ukucha uliopasuka zamani na kupona vivyo hivyo, kilikuwa kwenye pembe ya juu kulia ya kioo. Huko nyuma, ndani ya ubuluu, kuna mtu. Mapezi ya njano. Mkono mmoja umekunja ngumi na unagonga kifua. Unaacha. Unagonga tena.

"Anasema mambo safi," nikamjibu. "Ni ishara zetu tu hizo, nahodha."

Nahodha akaniangalia kidogo, akanirudishia simu. "Haya."

Kwa wasiopiga mbizi: ngumi kifuani maana yake hewa yangu inakaribia kwisha.

## Nirudishie kaka yangu

Tulikwenda wanne. Mimi, shemeji yangu, daktari wa meno mmoja ambaye chini ya maji ndipo mahali pekee asipozungumza, na injinia wa barabara anayeogopa mende lakini haogopi papa. Hakuna bingwa kati yetu. Mara mbili tatu kwa mwaka tunachanga, tunatoroka Dar mwisho wa wiki, tunazama, tunakula samaki, tunarudi. (Neno "mzamiaji" tumelikwepa siku nyingi. Ukijitambulisha hivyo Kariakoo watu wanakuuliza ulizamia nchi gani na kwa meli gani.)

Safari hii tulipita Nyamisati na kuvuka kwa boti hadi Kilindoni. Ndege ingetufikisha kwa nusu saa, ila mtu aliyetoka kuzamia haruhusiwi kukimbilia angani. Naitrojeni iliyojikusanya mwilini inahitaji muda wa kutoka, na kwa waliozamia zaidi ya mara moja kanuni inataka wasubiri saa 18 angalau. Boti haina masharti hayo. Ina kutapika tu, na daktari wa meno alitimiza sehemu yake.

Wageni wengi wanaokuja Mafia miezi ya kaskazi wanamfuata papa potwe upande wa Kilindoni. Sisi tulifuata Kinasi. Ni mlango ambao bahari kuu inaingilia kwenye ghuba ya Chole na kutokea, mara nne kwa siku, na wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapita pale kama watu wanaotoka uwanjani. Kwa hiyo tulichagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tuzame maji yanapoanza kujaa. Maji yanayoingia ni masafi, yametoka bahari kuu. Yanayotoka yanabeba tope la mikoko. Kiongozi wetu alikuwa na jedwali la maji kwenye simu. Nahodha aliangalia uzi wa jani la bahari uliokwama kwenye kamba ya nanga, akasema bado dakika ishirini. Jedwali lilisema tayari. Tulisubiri dakika ishirini.

Tuligawanywa wawili wawili. Mimi na shemeji.

Shemeji alipata cheti mwaka jana, na hiyo ilikuwa mara yake ya saba kuzama. Mimi nina miaka minne. Kamera ilikuwa na miezi miwili. Mke wangu alipotusindikiza alfajiri ile alisema neno moja tu: "Nirudishie kaka yangu." Alicheka. Nami nikacheka.

## Pweza na chewa

Tulikuwa mita 14. Ukifika huko, rangi nyekundu imeshakuaga. Maji huinywa kwanza kabla ya rangi nyingine zote, na mita tano tu zinatosha kuanza kuififisha. Mtu akijikata kidole kule chini, damu yake ataiona ya kijani. Ndiyo maana video za wanaoanza zote ni za buluu, kama zimepigwa ndani ya chupa ya wino. Dawa yake ni tochi, na tochi ndani ya maji hairudishi rangi mbali, labda mita moja hivi. Kwa hiyo ukitaka rangi lazima usogee, na ukishasogea dunia yako yote inakuwa mduara mdogo wa mwanga.

Ndani ya mduara wangu kulikuwa na pweza.

Alikuwa nje ya tundu lake, anawinda mchana, kama ilivyo kawaida ya pweza wa kwenye matumbawe yetu. Nilipomwashia tochi alikuwa rangi ya kutu. Akahamia kijivu cha mchanga. Akaota vipele mgongoni kwa kufumba na kufumbua, akafanana na jiwe lililo pembeni yake kiasi kwamba kama nisingekuwa namwangalia tangu mwanzo ningempoteza. Na yote haya anayafanya mnyama ambaye, kwa wanavyosema waliochunguza macho yake, hatofautishi rangi.

Kisha akaja chewa mdogo, mwenye madoa. Akasimama kichwa chini mkia juu, juu ya ufa kwenye mwamba, akajitikisa. Akatulia. Akajitikisa tena. Pweza akaacha alilokuwa analifanya, akatambaa hadi pale, akajitandaza juu ya jiwe lote, ngozi yake ikiwa imetanda kati ya mikono, kama mama anavyofunika vifaranga kwa tenga. Chewa akasubiri ukingoni atakachokimbiza.

Niliwahi kusoma kwamba chewa na pweza huwinda pamoja, na kwamba chewa humwonyesha mwenzake mahali mawindo yalipojificha kwa kusimama hivyo hivyo. Kusoma ni kitu kimoja. Mimi nilikuwa naye nusu mita, taa nyekundu ya kamera inawaka, mkono hautetemeki hata kidogo.

Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata kwenye nchi kavu muda mrefu, na siwezi kuikana hata leo.

## Mlio usio na upande

Video ile ina urefu wa dakika 3 na sekunde 12. Nimeiangalia mara nyingi kuliko nilivyoangalia video ya harusi yangu.

Ukifika dakika 1 na sekunde 38 unasikia: kn, kn, kn. Chuma kinagongwa kwenye mtungi. Ndivyo tunavyoitana kule chini, kwa kuwa mdomo umeziba. Shida ni kwamba sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Inafika masikio yote mawili karibu kwa pamoja, na ubongo haujui ielekee upande gani. Mlio hauna nyuma wala mbele. Uko kichwani mwako tu. Unachotakiwa kufanya ni kimoja: kugeuka na kumtafuta mwenzako.

Wiki ya kwanza nilijiambia sikuusikia.

Niliusikia.

Hilo ndilo lililonichukua siku nyingi kulikubali. Nakumbuka hata nilichowaza. Niliwaza: daktari ameona kasa. Na nikawaza: kasa ninao wengi.

Dakika 1 na sekunde 47, shemeji anaingia kwenye picha. Amezunguka mbele ili nimwone. Yuko mita nne hivi upande wa pili wa pweza, ngumi kifuani. Anakaa hapo, bila kusogea karibu. Dakika 2 na sekunde 24 anageuka, anapiga mapezi kuelekea kwa kiongozi aliyekuwa mbele na wale wawili, na mapovu yake yanabaki kwenye picha kidogo baada ya yeye kutoka.

Sekunde 37. Kamera haijatikisika.

Mwisho wa video kunakuja mtikisiko. Ni kiongozi, ananivuta pezi. Dole gumba juu, yaani tunapanda. Kwetu sisi dole gumba si pongezi. Nilipanda nimenuna. Tulisimama mita tano kwa dakika tatu, kama inavyotakiwa, tumeshika kamba, na dakika zote tatu nilikuwa namuwazia pweza.

Kwenye mashua ndipo nilipofanya lingine. Nilivua miwani, nikasema kwa sauti, "Nani amemaliza hewa mapema?" Shemeji akainua mkono. Nikamwambia, "Wewe unavuta hewa kama jiko la mafuta!" Watu wakacheka. Naye akacheka, maji yanamtoka puani.

Nahodha alikuwa anavuta nanga. Sijui kama alisikia.

## Mkasi

Jumapili ile pale chini ya mkungu, baada ya "haya" yake, nahodha aliirudia video mwenyewe, safari hii bila kuniuliza. Akaonyesha mwamba ulio nyuma. "Hapa palikufa palipogeuka peupe, mwaka ule wa El Niño. Sasa angalia." Kweli, 1998 maji yalipata joto na matumbawe mengi ya Mafia yalikufa. Mimi nilikuwa nimepita juu ya yale machanga yaliyoota upya nisiyaone hata moja.

Akaniambia pia kwamba ujanani, kwao Jibondo, alizamia pweza kwa maski na pumzi zake tu. Walikwenda wawili. Mmoja akizama, mwingine anabaki juu ya maji, uso chini, anamwangalia. Hafanyi kitu kingine. "Hata kama chini yake pamepita pweza?" nikamuuliza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama chumvi inaliwa kwa kijiko.

Ungedhani hapo nilielewa. Nilirudi Dar, Jumatatu usiku nikafungua programu ya kuhariri kwenye simu, nikakata.

Sikusita. Nilianzia pweza anapobadilika rangi, nikaruka hadi chewa anaposimama kichwa chini, nikaondoa mlio, nikaweka muziki wa taarabu ya taratibu. Pembe ya juu kulia niliikata kwa kusogeza picha karibu. Ikabaki sekunde 58 safi kabisa. Nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na kwenye stetasi.

Mioyo ikamiminika. Mtu ambaye hatujasalimiana tangu chuo aliniandikia kwamba ameshinda anaiangalia. Injinia akasema niipeleke kwenye mashindano. Shemeji akaweka alama ya makofi, tatu.

Mke wangu aliiangalia jikoni, mkono mmoja una unga, nimemshikia simu. Alifurahi. Akasema, "Jamani, huyu samaki anamwita mwenzake!" Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Na kaka yangu yuko wapi hapo?"

Nikasema alikuwa upande mwingine.

Uongo wa pili, na huu ulitoka laini kuliko wa kwanza.

## Hesabu inanitetea

Nilipiga hesabu. Mtu akiwa na hatia hugeuka mwanahisabati.

Kiongozi alituambia geji ikisoma 70, yaani hewa ya mtungini imebanwa mara 70, tuonyeshe ngumi. Mtungi ni wa lita 11 hivi, kwa hiyo shemeji alikuwa na kama lita 770 za hewa. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, hivyo mita 14 mtu anatumia mara 2.4 ya anavyotumia akiwa ufukweni. Mtu mgeni anayevuta lita 20 kwa dakika huku juu, kule anatumia 48. Gawanya: dakika 16. Akiogopa, pumzi inakwenda mbio maradufu: dakika nane. Kupanda taratibu ni dakika moja na nusu, kusimama ni tatu. Inabaki akiba. Na juu ya yote nilikuwa na kipumulio cha pili kifuani pangu, kile cha njano cha kumpa mwenzako akiishiwa. (Waingereza wanakiita pweza, kwa sababu ya mipira yake. Siku ile kulikuwa na pweza wawili, na mmoja ndiye aliyekuwa kazini kwangu.)

Sekunde 37 katika dakika nane si kitu. Hakuna aliyekaribia kufa. Ningeweza kufunga faili hapo, na siku nne tano nililifunga.

Ila hesabu ile niliipiga mimi, nimekaa kwenye kochi, na kalamu. Yeye alikuwa na sindano inayoshuka, mbizi ya saba ya maisha yake, na mtu mmoja aliyekabidhiwa amwangalie ambaye anamwona waziwazi na haitiki. Hakujua zitakuwa sekunde 37. Zingeweza kuwa chochote.

Na kuna lile la kutosogea. Lilinirudia hasa usiku. Kwa nini alikaa mita nne? Kwa nini hakuja akanishika bega, akanitia kofi, akanivuta mpira? Tulifundishwa hivyo. Nilianza kumlaumu kichwani, kwa kuwa ni mgeni na hakufuata mafunzo. Unaona nilikokuwa nimefika.

Wiki hizo nilikwenda harusi ya binamu Temeke, na sikula vizuri. Nilikuwa namwangalia mpiga video. Kijana hodari tu, hana kosa. Alipita mbele ya mama mzazi wa bibi harusi wakati ule ule anapomtunza mwanawe, na mama akasogea. Alimgeuza babu kwa bega, babu akageuka. Mashangazi walisimamisha kigelegele katikati hadi taa iwakae sawa. Hata msibani nimeona, watu wanalia na bado wanampisha mwenye kamera njia.

## Jumapili ya pilau

Nilimweleza mke wangu kwanza. Aliendelea kukaanga kitunguu. Akasema, "Mimi usinieleze. Mweleze mwenyewe," na kwa saa mbili hakuniita kwa jina.

Shemeji huja kula kwetu Jumapili. Baada ya pilau nikamwomba tutoke nje barazani, nikafungua video nzima, ile ya dakika 3 na sekunde 12. Sikusema kitu. Mlio ulipoanza, kn, kn, kn, nikamwangalia yeye badala ya simu.

Aliinama. Akakunja uso kama anayesoma maandishi madogo. Alipojiona akaguna, "Mh, mapezi yale yananibana." Ngumi ikagonga. Ikagonga. Mapovu yakapita.

"Nilikuona wakati nahariri," nikasema. "Nikakukata. Nisamehe, shemeji."

"Nilijua hukuniona."

"Mlio niliusikia."

Hapo alinyamaza. Njiwa za jirani zilitua ukutani zikaondoka.

"Kwa nini hukuja kunishika?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Ningekuharibia picha," akasema. "Si ulikuwa umemtafuta pweza tangu asubuhi? Ningesogea angekimbia."

Sikuwa na la kujibu. Nilitazama vidole vyangu, vina mafuta ya pilau.

Yeye alikuwa amesharudisha video nyuma, dakika moja na ushee, chewa anaposimama kichwa chini. Akaisogeza simu karibu na uso. "Kumbe ndicho ulichokuwa unaangalia," akasema. "Mimi pale nilikuwa naona taa tu, inanipiga machoni. Hata pweza mwenyewe sikumwona." Akaiangalia hadi mwisho, hadi mtikisiko.

"Safari ijayo kamera nashika mimi," akasema.

"Shika."

"Kwa hiyo, walimpata huyo samaki?"

"Sijui. Video imeishia hapo."

"Aa, shemeji!" akapiga paja. "Sasa umeniita kuangalia nini?"